Wakuu, hapa Mwanza kuna kundi lolote la watu wanaoacha pombe? (sio la maombi)

#1 Aluminium Kona
Wakuu habari za jioni. Naenda moja kwa moja. Nina miaka 38, fundi aluminium, milango na madirisha, nipo Mwanza upande wa Igoma. Pombe nimeanza nikiwa form three enzi za viroba, mnakumbuka vile vya mia tano unaweka kwenye soksi. Sasa hivi asubuhi siwezi kushika futi kabla sijapata kitu, mkono unacheza. Mwezi wa nne nilikata vioo vya mteja vikapungua sentimita tatu nyumba nzima, nikalipa mimi. Mke hajaondoka ila amehamia chumba cha watoto.

Nimejaribu kuacha mwenyewe mara nne. Mara ya mwisho siku ya tatu nikawa naona panya wanapanda ukutani, wengi, na nyumbani hatuna panya, jasho linatoka kama nimemwagiwa maji, mama mkwe akaita watu wa maombi wakakesha. Asubuhi jirani akaniletea ya kuzimua, panya wakaondoka. Ndo nikarudi kulekule.

Sasa nimeona kwenye muvi wale wanaokaa duara mtu anasimama anasema mimi fulani ni mlevi, wenzake wanamsalimia. Hicho kitu kipo kwetu? Mwanza hasa, na kwa Kiswahili. Maombi nimeombewa sana na nashukuru, sibezi. Ila nataka kukaa na watu ambao nikisema saa kumi na moja jioni inanitesa wanaelewa bila maelezo. Mimi naamini mtu peke yake haachi.

#2 Mzee wa Supu
Kundi lipo mkuu. Linakutana kila siku saa kumi na moja hapo grosari, na duara lipo, na kila mtu anajulikana ni mlevi. Kasoro ni moja tu hawaachi 😂

#3 mamaDee
#2 huna adabu. Mtu kaja na maisha yake hapa wewe unaleta utani. Mleta uzi pole, na hongera kwa kusema. Mume wangu hajawahi kufika hata hapo ulipofika.

#4 Nesi wa Zamu
Mleta uzi kabla ya kundi naomba nikukamate hapo kwenye panya. Wale panya sio mapepo na wala huna kichaa. Mwili uliozoea pombe kila siku ukinyimwa ghafla ubongo unapagawa. Ndani ya siku mbili za kwanza mtu anaweza kupata degedege kabisa, na kuanzia siku ya pili hadi ya nne ndo kuna kuweweseka, kuona wadudu, homa, mapigo ya moyo kwenda mbio. Watu wanakufa hapo, mimi nimeshuhudia, na familia inabaki inasema karogwa. Kwa mtu anayetetemeka asubuhi kama wewe USIACHE GHAFLA UKIWA NYUMBANI. Nenda hospitali, uliza kitengo cha afya ya akili, Bugando wanacho, hospitali ya mkoa ya Sekou Toure anzia pale pia sio mbaya. Utapewa dawa za kukushusha taratibu siku chache na vitamini B1, kwa sababu mlevi anakunywa hali chakula na hiyo vitamini ikiisha inaharibu kumbukumbu. Dawa hizo usijinunulie duka la dawa baridi, ukichanganya na pombe unaacha kupumua.

Kundi ni la baada ya hapo. Kundi halizuii degedege.

#5 Sauti ya Nyikani
Nesi heshima yako ila na sisi tusidharauliwe. Mimi nilikunywa miaka 16, nikaombewa usiku mmoja mwaka 2012, sijagusa mpaka leo. Sikuona panya wala mende. Kuna roho ya ulevi na kuna ulevi wa tabia, haviponi kwa dawa moja.

#6 Nesi wa Zamu
#5 hongera na sikatai kwamba uliacha. Nauliza tu, ulikua unakunywa kila siku au wikiendi? Maana wapo wengi wanaokunywa sana ila mwili haujafungwa, hao wanaacha bila kutetemeka. Mleta uzi mwili wake umefungwa, ameshakuambia mkono unacheza.

#7 Sauti ya Nyikani
Ijumaa mpaka jumapili. Lakini nilikua nakunywa kweli kweli sio utani.

#8 TandikaBoy
Mkuu mbona rahisi, kuna ile dawa ya kunywa kila siku bure, methadoni, Muhimbili wanatoa, Mwananyamala na Temeke pia. Jamaa yangu alikua teja kabisa sasa hivi ana bodaboda yake. Kama Mwanza haipo njoo Dar.

#9 Bintipwani
#8 unampoteza mwenzio. Methadoni ni ya wanaotumia unga, heroini, haihusiani na pombe hata kidogo, na mtu wa methadoni akinywa pombe juu yake ni hatari. Muhimbili walianza kuitoa 2011 kwa ajili ya mateja. Mimi niko Unguja, kaka yangu amepitia soba hausi huku, zile nyumba za kukaa watu wanaoacha ulevi. Soba hausi nyingi za huku zimeanzishwa na wenyewe waliotoka kwenye unga na zinafuata zile hatua 12 za kuacha ulevi, asubuhi mkutano, jioni mkutano, kila mtu anasema siku yake. Walevi wa pombe nao huchukuliwa lakini wachache, kaka anasema mlevi akiingia wale wa unga wanamcheka, "wewe bia ndo zimekuleta huku?" Akawa anaona aibu mara mbili, ya mtaani na ya mle ndani.

#10 Mzee wa Supu
Kumbe hata kwenye shimo kuna ghorofa

#11 Dereva wa Ohio
Salamu kutoka Columbus. Mimi ni mtu wa Musoma, huku naendesha lori, na niko kwenye hicho kitu unachokiulizia, kinaitwa AA, yaani Alcoholics Anonymous. Mwaka wa tano sasa. Na kilianzia jimbo hili hili, mji unaitwa Akron, 1939, walevi wawili tu, mmoja dalali wa hisa kutoka New York mwingine daktari wa upasuaji.

Nikueleze mkutano ulivyo maana muvi zinadanganya kidogo. Mnakaa saa moja. Kahawa mbaya ya bure. Mmoja anafungua, wanasoma hatua, halafu mtu akitaka anaongea dakika zake tatu nne, asiyetaka anasema napita. Hakuna anayekujibu wala kukushauri, na hicho ndo kilinishinda mwanzoni, sisi tumezoea mtu akisema shida yake kila mmoja anatoa ushauri mpaka mwenye shida anajuta. Kule unasema, wanasema asante, wanahamia kwa mwingine. Hakuna kiingilio, kofia inapita mwenye dola anaweka. Hawaandiki jina lako kamili. Sharti ni moja, uwe unataka kuacha. Sio uwe umeacha, UWE UNATAKA. Unachagua mtu aliyetangulia wa kumpigia usiku ukizidiwa, wanamwita sponsa. Wangu ni mzee mmoja fundi bomba, nilimpigia saa tisa usiku niko sheli nimeshika chupa, akaniambia tu iweke juu ya boneti uongee na mimi kwanza.

#12 Karani Mstaafu
Marekebisho madogo. AA ni 1935. Mwaka 1939 ni kitabu chao ndo kilitoka. Mengine yote uko sahihi, dalali na daktari.

#13 Dereva wa Ohio
Asante mzee, ni kweli 1935. Nilichanganya na kitabu.

#14 Aluminium Kona
Nesi nimekusoma, kesho sina kazi nitaenda hospitali. Naogopa tu kukutana na mtu anayenijua pale dirishani. Igoma yote inatibiwa palepale.

Dereva hapo kwenye boneti nimesoma mara tatu. Sasa huku kwetu lipo? Kwa Kiswahili?

#15 Msukuma Mtaratibu
Ndugu yangu nikwambie ukweli kwa nini huwezi kulikuta kirahisi. Lile jina lenyewe ni walevi wasiojulikana. Sasa nani Mwanza asiyejulikana? Ukikaa chumba kimoja na watu kumi, mmoja ni mtoto wa shangazi yako, mmoja unamdai, mmoja anamjua mkeo. Marekani mtu anaendesha gari maili 20 kwenda kulia mbele ya wasiomjua akarudi. Sisi tukitoka pale habari zimeshafika sokoni kabla ya daladala. Ndo maana hayashiki.

#16 Mchagga wa Marangu
#15 sikubaliani. Shida sio siri, mlevi anajulikana tayari, nani hajui kwamba fulani ni mlevi? Anabebwa mchana kweupe. Shida ni kwamba kwetu pombe ndo ujumbe wenyewe. Posa mbege, msiba mbege, kikao cha ukoo mbege, kumsamehe mtu mbege. Niliacha 2019, Desemba nikaenda nyumbani, kwenye kikao kata ikazunguka ikafika kwangu nikaipitisha. Baba mdogo akaniuliza mbele za watu una ugomvi na nani hapa. Sasa kundi la duara litanisaidia nini kama ukoo mzima ndo duara la upande wa pili?

#17 Karani Mstaafu
Wote mnaruka jambo moja, Kiingereza. Mikutano mingi ya aina hiyo katika miji yetu huanzishwa na wageni, watu wa mashirika, balozi, wamisionari, kwa hiyo lugha na mtaa ni vya kwao. Mtu wa Mbagala akisikia mkutano uko Oysterbay kwa Kiingereza hatoki kitandani. Mgeni mkataba ukiisha anaondoka na funguo za ukumbi. Ndivyo yanavyokufa.

#18 TandikaBoy
Mnasema yote lakini chanzo ni njaa. Mtu hana kazi asubuhi atafanya nini? Mpe kazi uone kama atalewa.

#19 Aluminium Kona
#18 mimi kazi ninayo mpaka nyingine nakataa. Nikilipwa ndo nalewa zaidi.

#20 Mkenya Halisi
Niaje watu wa TZ. Huku kwetu AA iko na ina meza zake, Nairobi ni nyingi, zingine wanakutana kwa kumbi za kanisa lakini si za kanisa. Mimi nilianza kuenda 2017. Kiingereza kinatumika sana lakini mtu akianza kulia anarudi Kiswahili au lugha ya mama, hakuna mtu humzuia. Pia tuko na NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na mihadarati, simu yao ni 1192, ni bure, unaongea na kaunsela. Najua ukiwa Mwanza hiyo namba haishiki, nasema tu ndio mtu wa Kisii au Migori akisoma hapa apate. Nyinyi yenu ni gani?

Halafu Wakatoliki wako na Pioneer, wale wa kuvaa pini ya Moyo Mtakatifu. Ilitoka Dublin 1898. Huku na Uganda iko sana.

#21 Bintipwani
Bara na huku ukisikia namba ni ya mamlaka ya madawa ya kulevya, ila sheria yao ni ya madawa, pombe ni halali inalipa kodi. Nyumba za upataji nafuu, yaani hizo soba hausi, ndo wanazisimamia wao, kwa hiyo ukitaka kujua kama nyumba fulani imesajiliwa unaweza kuwauliza.

#22 Mama Mwenye Siri
Samahani naingilia. #20 Pioneer mama yangu alikua nayo, ile ni ya watu wasiokunywa wanaojinyima kwa ajili ya wanaokunywa. Ni nzuri ila sio mahali pa kusema jana nimeanguka. Nilijaribu mimi, nikaona nimekaa na watakatifu.

Nazungumza kama mwanamke. Nyote hapa mnasema baa, grosari, kijiwe. Mimi sijawahi kukaa baa. Nanunua duka la mbali, kila wiki duka jingine, naweka kwenye chupa ya maji ya mtoto. Nina kazi ya ofisini, ni mweka hazina wa jumuiya. Mume wangu ananiambia una maleria sugu. Hilo duara la muvi likiwepo nikafika nikakuta wanaume kumi na nne siingii. Sijui wenzangu mnafanyaje.

#23 mamaDee
#22 dada yangu nimesimama kufua nimekaa chini kusoma hii. Nakuja PM, mimi sinywi lakini nakuja.

#24 Dereva wa Ohio
#22 yapo ya wanawake peke yao, na siku hizi mtandaoni kwa Zoom usiku na mchana, unaweza kuzima kamera ukaandika jina lolote. Ingia tovuti ya aa.org kuna sehemu ya kutafuta mkutano, na kuna aplikesheni inaitwa Meeting Guide, bure, inakuonyesha mikutano kwa sehemu uliyopo. Ukiwa Tanzania itakuletea michache, usikate tamaa, nenda kwenye ya mtandaoni. Mingi Kiingereza.

Na #23, wake na waume na watoto wa walevi wana kundi lao tofauti, Al-Anon. Lilianzishwa 1951 na mke wa yule yule dalali. Maana yeye aliacha, mke akagundua na yeye ni mgonjwa wa aina yake.

#25 mamaDee
Ugonjwa wa aina gani tena

#26 Dereva wa Ohio
Wa kuhesabu chupa. Kunusa kikombe. Kumpigia bosi wake simu kusema anaumwa tumbo. Kujua kwa mlio wa funguo mlangoni leo kaja vipi.

#27 mamaDee
Haya.

#28 Kigoma Mwisho wa Reli
Jamani mbona mnahangaika, kuna dawa mke anaweka kwenye chai bila mume kujua, akinywa pombe anatapika mpaka anaichukia. Shemeji yangu aliuziwa elfu hamsini. Anayetaka anicheki.

#29 Nesi wa Zamu
#28 ACHA. Kama ni ile ninayoijua, disulfiramu, inazuia mwili kumalizia kuvunja pombe, sumu inabaki kwenye damu. Uso unakua mwekundu, moyo unakimbia, presha inashuka, mtu mwenye moyo mbovu anafia mezani na mke anakua na kesi. Inatolewa hospitali, kwa mtu anayejua na kukubali, akiwa hana pombe mwilini angalau masaa 12. Na kama sio hiyo basi hujui umeuziwa nini. Unga wa elfu hamsini kwenye chai ya mtu!

#30 Kigoma Mwisho wa Reli
Basi yaishe dada, nilikua natoa wazo tu

#31 Ustadhi Bila Kofia
Mimi swali langu liko pembeni. Nimesikia hizo hatua 12 zina Mungu ndani. Muislamu anaingia? Maana sisi aibu yake ni nyingine, kwetu haupaswi hata kuwa umeanza. Ukisema msikitini nataka kuacha pombe swali la kwanza ni ulianzaje.

#32 Bintipwani
Huku Unguja wanaokaa kwenye hizo hatua karibu wote ni Waislamu. Wanasema "Mungu kwa jinsi unavyomwelewa", kaka yangu anaswali swala tano na mikutano anahudhuria. Ukifika saa ya adhana mkutano unasimama, ukimaliza mnaendelea.

#33 Msela wa Zamani
Niongee kuhusu soba hausi kwa sababu naona mnazisifia. Mimi nilipelekwa na familia, sitaitaja wala mkoa sitautaja. Tulikua tunafungiwa, ukigoma kusafisha unamwagiwa maji ya baridi alfajiri, ndugu akija anaambiwa anaendelea vizuri. Nilikaa miezi minne, siku natoka kituo cha basi nilichoshukia kina baa mbili. Nililewa kabla sijafika nyumbani. Sio zote ziko hivyo, nimesikia nzuri zipo, ila mzazi uliza, ingia mpaka jikoni, ongea na waliomo bila msimamizi kusimama pale.

Nilichokuja kugundua ni kwamba mle ndani sikua nimeacha, nilikua nimekosa.

#34 Mzee wa Supu
Viroba vilipopigwa marufuku 2016 wote tulisema nchi itaacha pombe. Tukahamia chupa ya plastiki.

#35 Karani Mstaafu
Ni 1 Machi 2017. Na vilikwisha kweli madukani, usibeze. Mtoto wa shule hawezi kuweka chupa kwenye soksi.

#36 Mkenya Halisi
Sisi tulikua na sheria ya pombe ya mbunge Mututho ya 2010, baa siku ya kazi inafunguliwa saa kumi na moja jioni. Watu wakajua kunywa haraka 😂 lakini kweli mchana ilipungua kiasi, ile ya kukuta mwalimu amelala kwa mtaro saa nne asubuhi.

#37 Aluminium Kona
Wakuu mrejesho. Nilienda. Dirishani nikamkuta dada anayeuza vocha karibu na karakana yangu, tukaangaliana, yeye alikuja kupima mimba, nikamwambia nimekuja kwa tumbo, akacheka akasema hata mimi. Daktari akanipa maswali kama kumi hivi kwenye karatasi, unakunywa mara ngapi, umewahi kuumiza mtu, asubuhi je. Nikamaliza nikajumlisha mwenyewe wakati anaandika. Nimelazwa siku tano. Nilitetemeka ila panya hawakuja. Mke alileta uji.

Leo siku ya 11. Dawa zimeisha, mikono imetulia, jana nimekata kioo kimeingia kama kimemezwa. Lakini Nesi alisema kweli, dawa inashughulika na mwili. Saa kumi na moja iko palepale. Vijana wananipitia karakana, "fundi vipi leo", nawaambia naumwa ini, wanasema basi kunywa soda ukae na sisi. Nilikaa juzi. Dakika arobaini. Nikaondoka nimechoka kuliko siku ya kupandisha kioo ghorofa ya tatu.

Hospitali niliuliza kundi, nesi mmoja akaniambia kuna wengine huwa wanauliza hivyohivyo, hakuna aliyewakutanisha.

#38 Msukuma Mtaratibu
Hapo sasa. Usikae nao hata kwa soda. Soda ndo daraja.

#39 Mchagga wa Marangu
Akikaa ndani atakua mpweke arudi. Mimi niliwarudia wale wale marafiki nikawaambia wazi sinywi tena, wawili wakabaki, sita wakapotea. Sio ini wala nini, ukisema ini wanasubiri upone.

#40 Dereva wa Ohio
Aluminium, wale wa Akron walikua wawili. Dalali alikua kwenye safari ya kazi, dili limebuma, yuko kwenye hoteli anasikia kelele za baa, akaanza kupiga simu makanisani anauliza jambo moja tu, mnipatie mlevi mwingine niongee naye. Wakamuunganisha na yule daktari. Daktari alikubali dakika 15, wakakaa masaa sita. Hawakuanza na ukumbi. Yule nesi aliyekwambia wengine huwa wanauliza, mrudie, mwambie akupe ruhusa uache namba yako, wao wakitaka wakupigie. Asikupe za kwao.

#41 Nesi wa Zamu
Hiyo ndo njia sahihi, namba ya mgonjwa haitolewi. Iache ya kwako.

#42 Jiwe la Bismarck
Mkuu nimekuwa nasoma tu siku zote hizi. Niko Mwanza. Nina mwaka mmoja na miezi miwili, niliacha baada ya kugonga mkokoteni wa mtu, namshukuru Mungu hakufa. Niliacha peke yangu kwa hiyo sikubaliani na wewe kwenye #1 kwamba mtu haachi peke yake. Ila sijaongea na mtu yeyote kuhusu hii kitu kwa mwaka na miezi miwili, kwa hiyo sijui kama hiyo ni kuacha au nini. Nimekutumia PM.

#43 Mzee wa Supu
Haya sasa mmekua wawili, kama Akron. Nani dalali nani daktari

#44 Aluminium Kona
Tumekutana jumamosi. Tulianza kubishana mahali, yeye alitaka ufukweni nikamwambia ufukweni kuna samaki, penye samaki wa kuchoma kuna bia. Tukakaa karakana kwangu baada ya kufunga, tumekalia vipande vya fremu, thermosi ya tangawizi na karanga. Hatukujua tuanzeje. Akasema wewe ndo umeandika uzi anza. Nikasema jina langu nikashindwa kumalizia ile sentensi, kwa Kiswahili inakua kama tusi, mtu mzima useme mimi ni mlevi. Akasema basi sema "pombe imenishinda". Hiyo ikatoka.

Masaa mawili. Tulikiuka, tulishauriana sana, Dereva utusamehe. Nesi wa kule hospitali amempa mmoja namba yangu, alipiga, akakata, akapiga tena. Jumamosi hii tunaweza kuwa watatu.

#22 kama uko huku, karakana haikufai, najua. Ila mke wangu amesema kama kuna mwanamke anataka kuongea yeye yupo, hajui lolote ila yupo.

#45 Ustadhi Bila Kofia
Dar, Mbagala au Temeke, kuna mtu? Hata wawili. Nina thermosi.

#46 Karani Mstaafu
#45 mimi niko Kurasini. Miaka 31 bila tone, lakini nakumbuka ladha yake kama jana. Njoo PM.

#47 Sauti ya Nyikani
Nawaombea jumamosi yenu. Na ule ufukwe ulikataa vizuri.

#48 Msela wa Zamani
Aluminium mrejesho? Wiki tatu kimya.

#49 Aluminium Kona
Nipo. Nilianguka ijumaa moja, hela ya mteja mkubwa iliingia. Siku mbili. Nikampigia Jiwe asubuhi ya jumapili akaja na mkokoteni wa utani, "panda nikupeleke hospitali." Nesi usinigombeze nilienda kweli. Tulikua watatu jumamosi iliyofuata, mmoja ni mwalimu, hakusema kitu saa nzima, wakati wa kuondoka akaosha vikombe vyote.

Nimeanza kuhesabu upya. Leo ya 9.

#50 Mzee wa Supu
Hapo karakana ni lazima ule karanga au mtu anaweza kuja na supu yake

#51 Aluminium Kona
Supu ruksa. Ila uje nayo ya kushiba sio ya kuzimua.

#52 Mgeni wa Kahama
Wakuu nimeukuta huu uzi leo. Kahama je, kuna mtu?